Dada Yangu na Mimi Kwenye Hoteli ya Maji Moto

Binti wa dada yangu alinipigia simu wiki ile shule zilipofungwa. Anafanya kazi ofisini Dodoma, na tangu utotoni ana sauti ya kubembeleza ambayo ukiisikiliza unajikuta umeshakubali jambo.

"Mama mdogo," akasema, "nimekuwekea nafasi siku mbili kwenye ile hoteli mpya ya maji moto. Ni kwa ajili ya magoti yako. Usikatae, nimeshalipa."

Nikamuuliza nani mwingine anakwenda.

"Ni wewe tu. Upumzike."

Nimefundisha shule ya msingi Kitahana karibu miaka thelathini, muda mwingi nikiwa nimesimama kwenye sakafu ya saruji, na magoti yangu sasa hayanisikii. Nikakubali. Sikujua kwamba jioni ileile alimpigia mama yake, dada yangu, aliyeko Kasulu mjini, akamwambia maneno hayohayo kwa sauti hiyohiyo. Ningejua ningebaki kwangu nikapalilia maharage.

Dada yangu na mimi tulikuwa na miaka tisa hatujaongea. Kuonana tulionana. Tulikutana misibani na harusini, tukakaa kila mtu upande wake wa turubai, na watu wa ukoo wakawa wamezoea kutupangia kazi za mbalimbali: yeye anapokea wageni, mimi niko jikoni. Mtu asiyetujua angedhani tumegawana majukumu vizuri.

Hoteli ilituma gari kunichukua Kibondo mjini. Tukaiacha lami, tukateremka bondeni kwa barabara ya changarawe hadi kwenye geti refu la chuma. Mlinzi akainama dirishani, akatazama kiti cha nyuma nilipokaa mimi na begi langu, kisha akamuuliza dereva, "Mgeni yuko wapi?"

"Si huyu hapa," dereva akasema.

Mlinzi akacheka kidogo, akafungua. Mimi sikucheka. Nilishaanza kuichukia ile hoteli kabla sijateremka.

Mapokezi palikuwa na kijana wa kike aliyevaa koti la kijani, kucha ndefu, Kiswahili cha Dar. Akaniletea taulo dogo lenye baridi kwenye sinia. "Pole na vumbi, mama."

"Barabara ni lami siku hizi. Vumbi ni la kwenu tu, hapo getini."

Akatabasamu hivyo hivyo. "Karibu sana. Umetokea shirika gani?"

Wageni wao wengi, nilikuja kuona, walikuwa watu wa mashirika yanayohudumia kambi za wakimbizi, wenye vitambulisho shingoni. Nikamwambia sijatokea shirika lolote, nimetokea Kitahana.

"Aah. Kumbe mwenyeji," akasema, na lile tabasamu likashuka kidogo.

Hapo ndipo nilipoisikia sauti nyuma yangu ikisema, "Mungu wangu. Huyu mtoto ameniweza."

Nikageuka. Dada yangu alikuwa kwenye kiti cha ukindu, miwani ya jua juu ya kilemba, glasi ya juisi ya pasheni mkononi. Ana duka la vitenge Kasulu na huvaa kila siku kama anakwenda kupokea mahari. Tukatazamana.

"Na huyu naye ameambiwa yuko peke yake?" akauliza, lakini alimuuliza yule wa mapokezi, si mimi.

Yule binti akaangalia kompyuta. "Mko pamoja, mama zangu. Chumba cha bustanini. Aliyewalipia ameandika niwaambie: surprise."

Dada akasema anataka chumba kingine. Binti akasema hoteli imejaa, kuna semina. Mimi nikasema nataka gari linirudishe. Binti akasema gari limeshaondoka kwenda uwanja wa ndege Kigoma, litarudi kesho asubuhi. Alikuwa mpole kwa namna iliyonitia hasira zaidi, kwa sababu hakuna kitu cha kukamata.

Tukapelekwa chumbani tukiwa tumeachana hatua kumi kwenye kijia cha mawe. Mlango ukafunguliwa. Kitanda kilikuwa kimoja. Juu yake taulo mbili zilikuwa zimekunjwa mfano wa mabata yanayobusiana, na maua mekundu yamemwagwa kuzunguka mabata.

"Wamedhani tuko fungate," dada akasema.

Ningeweza kucheka. Zamani tungecheka mpaka tukae chini. Nikachukua bata mmoja nikamkunjua, nikaweka begi langu kwenye kochi, nikamwambia, "Kitanda ni chako. Umezoea."

"Nimezoea nini?"

"Kulala pazuri."

Akaingia bafuni, akafunga mlango kwa ufunguo.

Inabidi nieleze pale mahali palikuwaje kwanza, maana kwangu hapakuwa na ugeni. Mama yetu alikuwa akituleta pale tukiwa wadogo. Mara mbili kwa mwaka, baada ya kuvuna maharage, tuliondoka alfajiri na kufika jua likiwa limeshapanda. Wanaume walikuwa na upande wao chini ya jiwe, sisi wanawake na watoto tulikuwa juu, karibu na jicho lenyewe, pale maji yanapotoka ardhini yakitokota na kunuka mayai viza. Tulifunga viazi vitamu kwenye kitambaa tukavitumbukiza. Vilikuwa vinaiva wakati mama amelala. Alijilaza mahali maji ya moto yalipokutana na yale ya mto, ametanguliza mgongo, kitenge kifuani, anafumba macho, hasemi. Sikuwahi kumwona akiwa hafanyi kazi mahali pengine popote.

Mgongo wake uliharibika njiani. Alivuka kutoka Burundi kwa miguu, akapita milima ya upande wa Munanila, dada yangu akiwa mgongoni na mzigo kichwani. Baba alifika baadaye. Mimi nilizaliwa huku, miaka miwili baada ya hapo. Tulipopata uraia, sote siku moja, mama alikunja cheti chake akakiweka ndani ya Biblia, akaenda shambani.

Sasa lile jicho lilikuwa limejengewa ukuta wa zege, na juu yake kibao: HATARI, USIGUSE. Maji yalitolewa kwa mabomba hadi kwenye mabwawa matatu ya vigae, moja la uvuguvugu, la pili la moto wa kadiri, la tatu la moto kweli. Maji yakishatumika yalipita chini ya uzio kwa mfereji. Nilisimama pale kwenye uzio mchana ule. Upande wa pili akina mama wanne wa kijijini walikuwa wamepiga magoti wakifua nguo kwenye yale maji ya mfereji, yenye povu la sabuni ya hoteli. Mmoja akaniinulia mkono. Nikainua wangu. Nilikuwa nimevaa slipa nyeupe za hoteli na niliona aibu mpaka masikioni.

"Umekuja kuoga au kukagua?" Dada alikuwa amesimama nyuma yangu, amevaa joho la taulo la hoteli.

"Unawaona?"

"Nawaona. Niwafanyie nini?"

"Mama angekuwa upande ule."

"Mama angekuwa upande huu, kwa sababu mimi ningemlipia," akasema, na akaenda zake.

Kwenye mabwawa alikuwepo mhudumu, mwanamke wa makamo, mwenyeji wa pale kwa sura na kwa lafudhi. Akatusalimu kwa Kiha, akiuliza habari za tulikotoka. Mimi nikamjibu. Dada akamjibu kwa Kiswahili cha dukani, "Nzuri, asante," kama vile hajaelewa. Yule mama akahamia kwenye Kiswahili haraka, akaomba radhi.

"Umesahau na lugha?" nikamwambia dada.

"Sijasahau kitu. Niko kwenye mapumziko, sitaki kuulizwa ukoo."

Mhudumu akaniangalia kwa wasiwasi. Nilikuwa nimejifunga kitenge. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba sheria ya hoteli ni nguo ya kuogelea tu, na kwamba zipo za kuazima. Nikamwambia nimeoga kwenye maji haya kwa kitenge kabla hajazaliwa aliyeandika hiyo sheria. Akasema, "Najua, dada. Na mimi nilioga hivyo. Lakini wananiangalia kwenye kamera." Akanyoosha kidevu kuelekea kwenye nguzo.

Sikutaka afukuzwe kazi kwa ajili yangu. Nikakaa ukingoni mwa bwawa la kwanza, nikaingiza miguu tu mpaka magotini. Kusema kweli maji yalikuwa matamu. Hilo nalo liliniudhi.

Dada hakukaa kwenye la kwanza wala la pili. Alivua joho, akabaki na nguo ya kuogelea nyeusi yenye marinda kiunoni, akateremka ngazi za bwawa la tatu, lile la moto, na akaketi maji yakimfika shingoni. Pembeni kulikuwa na kibao kinachosema mtu asizidishe dakika kumi na kwamba wenye presha waepuke kabisa. Dada ana presha. Anayo tangu alipofiwa na mumewe. Hilo nililijua kupitia kwa binti yake.

Mhudumu akaja akachuchumaa. "Mama, nakuomba utoke sasa, muda umetosha."

"Bado kidogo."

Zikapita dakika nyingine. Uso wake ulikuwa unang'aa kwa jasho na midomo imepauka. Nikajikuta nimesema, "Dada, toka. Una presha."

Sikuwa nimemwita dada kwa miaka tisa. Nadhani na yeye alilisikia lile neno, maana alifumbua macho. Lakini alichosema kilikuwa hiki: "Wewe usinihesabie dakika. Wewe si ndiye bingwa wa kuchelewesha watu?"

Nilijua anazungumzia nini, na alijua kwamba najua.

Akafumba macho tena, kwa makusudi, akabaki palepale. Mimi nikageuza uso. Nilikaa nikitazama mlima na moyoni nikasema, mwache aungue. Nalisema hili kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mhudumu ndiye aliyepiga kelele. Nilipogeuka kichwa cha dada kilikuwa kimelala upande na mdomo umeshaingia majini.

Sikumbuki magoti yangu yaliniuma au la. Niliruka na kitenge changu, maji yakanipiga kama chai, nikamkamata chini ya makwapa. Ni mwanamke mzito. Mhudumu aliingia na sare yake, tukamsukuma na kumvuta mpaka tukamlaza kwenye vigae. Tukainua miguu yake juu ya kiti. Mhudumu alimwagia maji baridi kifuani, mimi nilimpiga makofi mepesi mashavuni nikimwita, sijui kwa lugha gani. Macho yakafunguka. Yakanitafuta, yakanipata.

"Toa mikono yako," akasema.

Nikaitoa.

Meneja akaja mbio. Alikuwa mwanaume kijana, suruali ya kubana, harufu ya manukato. Akauliza kama mama yuko salama, na kabla hajajibiwa akawa ameshanyoosha karatasi. "Naomba mmoja wenu asaini hapa, kwamba mlisomewa masharti ya matumizi ya bwawa. Ni utaratibu tu."

"Kwanza mwite daktari," nikasema.

"Tutamwita, mama. Lakini kwa usalama wa pande zote..."

"Upande upi? Sisi ndio tuko chini hapa tumelowa. Wewe upande wako umekauka."

Dada, akiwa amelala chali na macho yamefumbwa, akasema, "Asisaini kitu."

Na mimi nikasema, "Sisaini kitu."

Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana. Meneja akaangalia karatasi yake, akaangalia kamera, akaikunja. Mhudumu alikuwa amesimama pembeni anachuruzika maji, na meneja akamwambia aende akabadilishe sare, kwamba watazungumza baadaye. Nikamwambia meneja kwamba kama atamgusa huyu mama kwa lolote, nitaandika barua kwa kila shirika lililo na wageni kwenye hoteli hii na kueleza nilichokiona. Sina uhakika kama ningeandika. Lakini nimekuwa mwalimu miaka mingi, najua kumtisha mtu kwa sauti ndogo.

Tabibu kutoka kituo cha afya cha jirani alikuja kwa pikipiki, akampima, akasema ni joto na kwamba presha imeshuka ghafla, anywe maji, alale, asirudi bwawani. Jua lilikuwa bado halijazama. Tukarudi chumbani. Dada akapanda kitandani na joho lake, nikamletea chai kwenye kikombe. Akaiweka kwenye meza bila kuinywa.

Nilikaa kwenye kochi. Nje watu wa semina walikuwa wanapiga picha kando ya bustani.

"Nijibu kitu kimoja," dada akasema. Alikuwa anaangalia dari. "Mama aliniulizia?"

Sasa hapa lazima nirudi nyuma. Krismasi ya mwisho ya mama, dada alikuja Kitahana na zawadi. Mama alikuwa ameshakuwa wa kitandani. Namuogesha, namgeuza, nafua mashuka asubuhi kabla sijaenda darasani na jioni nikirudi. Siku ile nyumba ilijaa watu wa kanisani. Dada akaingia chumbani kwa mama, akatoka ameziba pua na kanga, akasema mbele ya wote, "Mama ananuka mkojo. Kama kazi imekushinda useme, tutafute mtu." Mchungaji aliangalia viatu vyake. Mimi niliingia jikoni nikashika meza kwa mikono miwili.

Mwezi wa nne uliofuata, mama alizidiwa. Alichukua siku nne. Mvua ilikuwa kubwa, lami ilikuwa bado, na kutoka Kasulu ilikuwa safari ya matope ya siku nzima. Simu ilikuwa mfukoni mwangu na ilikuwa na chaji.

"Alikuulizia," nikasema.

"Lini?"

"Siku ya kwanza. Na ya pili. Siku ya tatu aliuliza mara nyingi."

"Ulimwambia nini?"

Ningeweza kusema uongo pale. Hakuna mtu mwingine aliyekuwa chumbani siku zile. Nikasema, "Nilimwambia nimeshakupigia na kwamba uko njiani."

Dada akakaa kitako polepole.

"Alikuwa ananisubiri."

"Ndiyo."

"Anaangalia mlango."

"Ndiyo, dada."

"Na wewe ulinipigia siku ya kuzika. Saa mbili asubuhi."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ile Krismasi. Nilitaka na wewe ujue ilivyo, kuaibishwa mbele ya watu. Nilitaka ufike watu wakuone umechelewa." Nilisikia sauti yangu ikiwa kavu kama ninasoma majina ya wanafunzi. "Nilifikiri atapona tena. Alishawahi kuzidiwa akapona. Siku ya nne nilikuwa nimeshika simu, nikasema ngoja kwanza nimpe uji. Akafa nikiwa jikoni."

Dada aliteremka kitandani. Alikuwa bado anayumba. Akaja mpaka kwenye kochi, akanipiga kofi, la mkono wazi, kwa nguvu yote aliyobaki nayo. Halafu akakaa chini kwenye zulia palepale mbele yangu.

Sikushika shavu. Nilihisi nafuu, na kwa hiyo nafuu pia nilijichukia.

"Unajua ule mgongo aliokuwa anakuja kuulaza hapa?" akasema. "Niliuharibu mimi. Nilikuwa na miaka mitano. Mtoto wa miaka mitano anatembea. Mimi niligoma, nililia kila nikiwekwa chini, akanibeba mpaka Munanila. Nakumbuka kabisa. Nakumbuka nilikuwa najua amechoka na nikaendelea kulia. Kila tulipokuja hapa, wewe ulikuwa unachezea viazi, mimi nilikuwa naangalia ule mgongo." Akafuta pua na mkono wa joho. "Siku ile ya Krismasi nilipomwona amelala vile nilitaka kumpiga mtu. Ulikuwa karibu."

"Ungesema hivyo."

"Na wewe ungepiga simu."

Hakuna aliyeomba msamaha. Nadhani kila mmoja alisubiri mwenzake aanze. Chakula cha jioni kililetwa kwenye sinia zenye vifuniko vya chuma, samaki wa mgebuka wa kukaanga amepambwa kwa jani, wali umefinyangwa kama kibanda. Tulikula bila kutazamana. Yeye alilala kitandani, mimi kwenye kochi, na sisi sote wawili tuliamka mara nyingi.

Asubuhi gari lilipokuwa tayari alikuwa ameshavaa na kufunga kilemba chake. Tulikuwa na siku nyingine iliyolipiwa. Hakuna aliyeitaja. Pale mapokezi nikamuuliza yule binti wa koti la kijani kama mhudumu wa mabwawa yuko kazini. Akasema yuko, ameingia zamu ya asubuhi. Dada alikuwa anasikiliza, akaongeza, "Mwambie meneja wako tutauliza tena."

Kwenye gari dada alikaa mbele. Tulipofika lami akasema na dereva, "Usiende mjini kwanza. Pita Kitahana."

Nikajua anataka nini. Siku ya mazishi alifika saa kumi jioni, gari limejaa matope mpaka kwenye vioo. Watu walimfuata wakamwambia tumeshamaliza. Hakuteremka. Alikaa ndani ya gari nusu saa, kioo kimepandishwa, kisha akamwambia dereva ageuze. Kwa hiyo kaburi hakuwahi kuliona.

Liko nyuma ya nyumba, baada ya migomba. Nilimtangulia. Alipoliona akasimama. Lilikuwa tuta la udongo tu na mawe pembezoni. Msalaba wa mbao ulishaliwa na mchwa na niliuegemeza kwenye jiwe.

"Miaka tisa," akasema. "Miaka tisa mwalimu mzima umeshindwa kumjengea."

"Wazee walikataa. Walisema kaburi halijengwi mpaka watoto wote wawe wamesimama pamoja."

Akanitazama kuona kama natania. Kisha akasema, "Nenda ndani."

"Nikuletee kiti?"

"Nenda ndani, nimesema."

Nikaenda. Nilichemsha chai nikaiacha ikapoa, nikachemsha nyingine. Dereva alikuwa amelala kwenye usukani. Ilipita zaidi ya saa moja ndipo alipotokea kwenye migomba, viatu mkononi, udongo kwenye sketi yake nzuri. Hakuingia. Akaomba maji anawe, nikammiminia kwa kata, akanawa mpaka viwikoni. Chai alikataa.

"Sijakusamehe," akasema akipangusa mikono. "Usije ukaenda kumwambia yule mtoto wa Dodoma kwamba nimekusamehe."

"Hata mimi sijakusamehe."

"Vizuri."

Akaondoka. Miezi mitatu ilipita kimya. Halafu Alhamisi moja simu ikalia nikiwa darasani, jina lake kwenye kioo, nikatoka nje kupokea. Hakusalimia. Alisema, "Jumamosi nakuja na fundi na saruji. Waite wazee. Na wewe uwepo."

Alikuja. Wazee wawili wa ukoo walisimama pale, sisi tukasimama, ikasemwa sala. Kisha dada akatoa vigae vya bluu kwenye gari na mimi nikamwambia mama hakuwahi kupenda bluu hata siku moja. Akasema nilijuaje, mama aliwahi kuulizwa anapenda rangi gani? Tukabishana kuhusu vigae, kisha kuhusu urefu wa msalaba, kisha kuhusu jina la mama, kama liandikwe kwa Kirundi jinsi alivyozaliwa nalo au jinsi lilivyo kwenye cheti cha uraia. Sauti zilipanda. Wazee walisogea kivulini. Fundi aligeuza ndoo yake, akaikalia, akawasha redio ndogo ya simu na kusubiri tumalize.